Kufunga msimbo wa wengine ndani ya programu yako: maswali ya leseni yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watengenezaji wa programu wa Unguja na Pemba wanaouza mifumo yao: ya hoteli za Nungwi na Paje, tiketi za boti, maduka ya Darajani, skuli, vituo vya kununulia karafuu. Karibu mifumo yote hiyo ina sehemu ndogo iliyoandikwa hapa na sehemu kubwa iliyochukuliwa kwa wengine. Wanaotuuliza huanza na "leseni ipi nzuri?", na hilo halijibiki mpaka tujue kwanza nani anakabidhiwa nakala ya nini. Huu si ushauri wa wakili. Mkataba wa pesa nyingi mpelekee wakili ausome.

Kitu kimewekwa bure mtandaoni. Bado kina mwenyewe?

Kinaye. Hakimiliki haingoji usajili. Msimbo ukishaandikwa tu unalindwa. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hivyo kazi ya Mjerumani au Mbrazili inalindwa hapa kama yako inavyolindwa kwao. Wengi wetu tunasahau pia kwamba hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya 1999 na taasisi yao ya hakimiliki, COSOTA; Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na taasisi yake, COSOZA. Mkataba ukiandika "sheria za Tanzania" bila ya kufafanua, uliza ni ipi, khasa mteja akiwa na ofisi Dar es Salaam na wewe uko Vuga.

Msimbo uliowekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, bila ya leseni yoyote si programu huria (open source). Masharti ya GitHub yanakuruhusu kuutazama na kuufanyia tawi (fork) humo humo, lakini kuuchukua ukautia kwenye bidhaa ya kuuza hujaruhusiwa. Mwandikie mwenyewe umuombe aweke leseni. Mara nyingi amesahau tu.

Leseni "kupatana" ndiyo nini?

Leseni mbili zinapatana pale unapoweza kutimiza masharti ya zote mbili kwa pamoja, ndani ya programu moja unayoikabidhi. Basi.

Kupatana huko kuna upande. Msimbo wa leseni ya MIT unaingia ndani ya programu ya leseni ya GPL bila ya matata, kwa sababu MIT inataka taarifa yake ibaki tu, na GPL haina ugomvi na hilo. Msimbo wa GPL hauingii ndani ya programu unayotaka kuitoa nzima kwa MIT, kwani GPL inataka programu nzima ifuate masharti yake. Mtu akikuambia "MIT na GPL zinapatana", muulize ipi inaingia ndani ya ipi.

Kuna leseni chungu nzima. Nianze na zipi?

Ukifungua folda ya vendor au node_modules, zinakokaa maktaba (msimbo wa wengine uliokwisha andikwa), utakutana na leseni zile zile chache. Laini ni MIT, ISC, BSD ya vifungu 2 na ya vifungu 3, na Apache 2.0: mtaje mwenyewe, bakisha maandishi ya leseni, endelea na kazi yako. DHIS2, inayotumika kwa takwimu za afya hapa Zanzibar, iko chini ya BSD ya vifungu 3. Za kati ni LGPL na MPL 2.0. Hizo zinataka mabadiliko uliyoyafanya kwenye maktaba yenyewe yabaki wazi, huku programu yako iliyoizunguka ikibaki yako. MPL inahesabu kwa faili: lililokuwa la MPL linabaki MPL, na faili jipya uliloandika mwenyewe ni lako. Kali ni GPL, toleo la 2 la 1991 na la 3 la 2007, ambayo inataka programu nzima unayoikabidhi itolewe kwa masharti yale yale. Huko ndiko kunakoitwa kopilefti. Halafu iko AGPL, ya 2007 pia, ambayo ina swali lake chini.

Ukikuta BSD ya zamani yenye vifungu 4, simama. Kifungu cha ziada kinataka kila tangazo linalotaja bidhaa limtaje na mwandishi, na GPL haikubali kuongezewa sharti kama hilo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikiondoa kwenye msimbo wake mwaka 1999. Waliokiiga hawakukiondoa wote.

Natumia MIT tupu. Sina la kufanya, au siyo?

Unalo, na ndilo linaloachwa kuliko yote. Leseni ya MIT ni aya tatu fupi. Ya katikati inasema taarifa ya hakimiliki pamoja na ya ruhusa zitiwe katika nakala zote za programu au sehemu zake kubwa. Programu ya simu iliyoko Play Store ni nakala. Tableti iliyowekwa mapokezi ya hoteli imebeba nakala. JavaScript inayoshuka kwenye kivinjari cha mgeni aliyekaa ufukweni Kendwa ni nakala pia.

Kwenye JavaScript kuna mtego. Vifaa vinavyobana mafaili hufuta maoni yote ili faili liwe dogo, na taarifa za hakimiliki huondoka nayo. Maoni yanayoanza na `/*!` au yenye `@license` kwa kawaida huachwa. Webpack, kimoja cha vifaa hivyo, huyakusanya kwenye faili la pembeni ambalo jina lake linaishia LICENSE.txt. Faili hilo nalo lipande kwenye seva. Tumeshaona hati za kupandisha zinazochukua mafaili ya .js peke yake na kuliacha hilo kwenye kompyuta ya fundi, na watu wanashangaa wakionyeshwa.

Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, imerahisisha mambo: ukiita `showLicensePage` unapata ukurasa mzima wa leseni uliojikusanya wenyewe. Kilichobaki ni kuweka kitufe kwenye "Kuhusu programu". Wabunifu hawakipendi kitufe hicho kwa sababu kinafungua ukurasa mrefu wa maandishi ya Kiingereza. Kiweke hivyo hivyo.

Apache 2.0 inaongeza mawili: mradi ukiwa na faili la NOTICE, maelezo yake yafuatane na nakala zako, na faili ulilolibadilisha liseme kuwa limebadilishwa.

Apache 2.0 na GPL zinapatana?

Inategemea GPL ipi, na hapa ndipo mifumo mingi inapokwama.

Apache 2.0, ya Januari 2004, ina kifungu cha hataza (patent, haki ya uvumbuzi): ukimshitaki mtu kwa madai kuwa programu ile inavunja hataza yako, ruhusa ya hataza uliyopewa chini ya leseni hiyo inakatika. GPL toleo la 2 haina sharti hilo, na inakataza kuongeza masharti juu ya yake. Free Software Foundation, wenye GPL, wanasema kwa hivyo hazipatani. Toleo la 3 liliandikwa kwa kulijua tatizo hilo, na likaacha nafasi. Msimbo wa Apache 2.0 unaingia kwenye GPL 3. Kwenye GPL 2 tupu hauingii. Kuutia msimbo wa GPL kwenye programu unayotaka ibaki Apache haiwezekani kwa toleo lolote.

Sasa tuliangalie kwa karibu. Umetengeneza mfumo wa duka kwa Laravel, msingi wa kujengea mifumo ya PHP. Risiti na ankara za PDF zinatoka kwa maktaba ya mPDF. Kila usiku nakala ya akiba inapanda Google Drive kwa kutumia maktaba ya google/apiclient. Ukiandika `composer licenses` (Composer ndiyo inayoleta maktaba za PHP) kwenye folda ya mradi utaona, miongoni mwa mistari mingi, hii mitatu: laravel/framework ni MIT, google/apiclient ni Apache-2.0, mpdf/mpdf ni GPL-2.0-only. Neno la kulikodolea macho ni hilo *only* la mwisho, yaani toleo la 2 peke yake. Mfumo huo ukiufunga kwenye kompyuta ya mwenye duka, umemkabidhi programu moja yenye masharti mawili yasiyotimizika pamoja. Hata ukitoa msimbo wako wote wazi, hujatatua kitu, kwa sababu ugomvi hauko baina yako na wao. Uko baina ya hao wawili.

Dawa ya kawaida ni kuitoa mPDF na kutia dompdf, ambayo ni LGPL 2.1. Kwa ankara za Kiswahili inatosha kabisa. Lakini ukichapisha vyeti vya madrasa vyenye maandishi ya Kiarabu, dompdf itakuchosha. Kuunganisha herufi na kuandika kutoka kulia ndiko mPDF ilikoishinda. Hapo jaribu TCPDF, ambayo ni LGPL 3 na inakijua Kiarabu.

Linganisha na WordPress, ambayo tovuti nyingi za hoteli zimejengwa juu yake. WordPress ni GPL toleo la 2 *au lolote la baadaye*. Ukiandika programu-jalizi ya kuweka nafasi za vyumba ukaitia maktaba ya Apache 2.0 ndani yake, unachofanya ni kuchagua toleo la 3 kwa programu-jalizi hiyo. Maneno hayo machache ya "au lolote la baadaye" ndiyo yanayokuokoa, na ndiyo ya kwanza kutafutwa unapoona GPL 2. Kernel ya Linux haina maneno hayo. Imebaki toleo la 2 peke yake.

Mfumo uko kwenye seva yangu; wateja wanaingia kwa kivinjari tu. Jee, GPL inanihusu?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Masharti ya GPL ya kutoa msimbo yanaanza unapokabidhi nakala. Ule mfumo wa duka wa juu, ukibaki kwenye seva yako na mwenye duka akalipia huduma kwa mwezi, mPDF na google/apiclient wanakaa pamoja bila ya kumdai mtu kitu. Siku mteja atakaposema "nataka uuhamishie kwenye seva yangu mwenyewe", hesabu inabadilika siku hiyo hiyo. Bei ya kuuhamisha izingatie hilo mapema.

Kilicho upande wa kivinjari hakimo kwenye nafuu hiyo. JavaScript unampelekea mgeni nakala kila anapofungua ukurasa.

AGPL iliandikwa kuziba mwanya huo wa seva. Ukiibadilisha programu ya AGPL na watu wakaitumia kupitia mtandao, uwape njia ya kuupata msimbo. Wanaonaswa mara nyingi ni watu wa Java: iText, maktaba ya PDF, ni AGPL tangu toleo la 5 la mwaka 2009, na mifano mingi ya kutengeneza PDF iliyoko mtandaoni inaitumia bila ya kutaja leseni. Kuiunganisha ndani ya mfumo wako, wenye iText wanakuhesabu kuwa ni kujenga juu yake, na asiyetaka kufungua msimbo wake wanamuuzia leseni ya kibiashara. OpenPDF ilitoka kwenye matoleo ya kabla ya hapo na iko chini ya LGPL na MPL. Mfumo wa tiketi za boti haukosi kitu kwa kuitumia hiyo. Ghostscript, programu ya kuchakata PDF, nayo ni AGPL tangu 2013.

Nimemfungia mteja mfumo wenye GPL ndani. Lazima niuanike msimbo wangu mtandaoni?

La. GPL inamtaja aliyepokea nakala. Ukiwa umefunga programu ya mizani kwenye kituo cha karafuu Wete, mwenye haki ya kudai msimbo chanzo ni yule uliyemkabidhi. Mpe kwenye flashi siku ile ile ya kufunga, pamoja na leseni, na jambo limekwisha. Chini ya toleo la 2, usipompa papo hapo inabidi umpe ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka mitatu, na ahadi hiyo inaweza kudaiwa na mtu yeyote wa tatu. Flashi ni rahisi kuliko kutunza ahadi.

Kuuza unaruhusiwa, na kwa bei yoyote. Usichoweza ni kumzuia aliyenunua asimpe mwenzake. Ukiwa biashara yako yote imesimama juu ya kuuza leseni moja kwa kila mashine, GPL si ya kuitia ndani, na ni bora kulijua hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Programu mbili zikikaa mashine moja tayari zimechanganyika?

Kukaa pamoja si kuchanganyika. Kompyuta yenye Linux, PostgreSQL na mfumo wako ni mkusanyiko wa programu tofauti, na GPL yenyewe inasema mkusanyiko wa namna hiyo hauifanyi ile ya pembeni ifuate leseni yake. Programu zinazozungumza kwa soketi, kwa bomba la mfumo au kwa amri zenye vigezo kwa kawaida huhesabiwa mbalimbali. Zinazoungwa pamoja kuwa kitu kimoja, zikapitishiana data zake za ndani kwenye kumbukumbu moja, huhesabiwa moja. Baina ya hapo pana ukungu, na mtu anayekuambia mpaka uko wazi kabisa anakuuzia kitu.

Usitumie mlango huo kwa ujanja. Ukivunja programu moja vipande viwili ambavyo kimoja hakina maana bila ya chengine, na soketi katikati kwa ajili ya kukwepa leseni tu, hakimu haangalii soketi peke yake.

LGPL kwenye simu inaleta taabu gani?

LGPL inataka aliyepokea programu yako aweze kuibadilisha maktaba ile kwa toleo lake na programu iendelee kufanya kazi. Kwenye seva na kompyuta za kawaida hilo ni jepesi. Kwenye Android, maktaba ikiwa faili la .so la peke yake, mambo huenda. Kwenye iPhone, ambako watu wengi huiunganisha maktaba moja kwa moja ndani ya programu na kisha kila kitu kinatiwa saini, inabidi uwe tayari kumpa mwombaji mafaili ya kati ya programu yako ili aunganishe upya. Wachache hufanya hivyo.

GPL kwenye duka la Apple ina historia yake. VLC, programu ya kuchezea video, iliondolewa humo Januari 2011 baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kuwa masharti ya duka yanapingana na GPL. Waandishi wakakubaliana mmoja mmoja kuibadilisha leseni ya kiini chake kuwa LGPL, na programu ikarudi mwaka 2013.

FFmpeg, ya kushughulikia video na sauti, nayo itazame vizuri. Msingi wake ni LGPL 2.1, lakini ukiikompaili kwa `--enable-gpl` ili upate x264 ya kubana video, nakala yako imekuwa ya GPL. Ukichukua iliyokwisha kompailiwa na mtu mwengine, soma alivyoikompaili kabla ya kuitia ndani ya programu yako.

Fonti, ikoni, picha na ramani navyo vina leseni?

Vinazo, na si zile zile za msimbo. Fonti nyingi huria ziko chini ya SIL OFL, leseni ya fonti: unaifunga ndani ya programu ya kuuza bila ya tatizo, ila usiiuze fonti peke yake, na ukiibadilisha usitumie jina lake la asili kama mwenyewe amelihifadhi. Picha na ikoni zenye CC BY-NC haziruhusu biashara, kwa hivyo kwenye mfumo wa hoteli hazina nafasi.

Ramani inahitaji maneno zaidi kwa sababu kila mfumo wa utalii hapa unayo. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata, tangu Septemba 2012. Ukionyesha ramani, andika kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, mahali pa kuonekana. Picha ya ramani uliyoichora ni yako kuitoa kwa leseni uitakayo. Hifadhidata ndiyo yenye kopilefti: ukichukua njia, fukwe na majina ya vijiji vya Makunduchi ukayasahihisha, ukayaunganisha na yako yakawa hifadhidata moja, kisha ukaitumia hadharani, hifadhidata hiyo nayo itolewe kwa ODbL. Ukiweka bei za vyumba na simu za wenye hoteli kwenye jedwali la pembeni linalokaa sambamba bila ya kuchanganywa, zinabaki zako. Kwa hivyo amua muundo wa majedwali ukiwa na leseni mkononi. Kuyatenganisha baada ya miaka miwili ni mateso.

Sisi tuna bahati ya picha za angani. Zanzibar Mapping Initiative, iliyoanza 2016 kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi, SUZA na Benki ya Dunia, ilirusha droni juu ya Unguja na Pemba. Picha zilizowekwa OpenAerialMap, hazina ya wazi ya picha za angani, kwa kawaida ni CC BY 4.0: mtaje mwenyewe, kisha zitumie hata kwa biashara. Soma leseni ya picha yenyewe, si ya tovuti kwa ujumla.

Nimekopi vipande kutoka Stack Overflow, na vyengine nimeandikiwa na akili mnemba. Itakuwaje?

Majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, ni CC BY-SA (mtaje mwandishi, na ulichokibadilisha kitoe kwa leseni ile ile), na toleo linategemea tarehe: ya tangu Mei 2018 ni 4.0, ya kabla ni 3.0 au 2.5. CC BY-SA 4.0 inaweza kuingia GPL 3, kwa upande huo mmoja, 3.0 haiingii. Mstari mmoja wa kawaida haumshughulishi mtu. Kazi nzima yenye ubunifu wake, isome uelewe, kisha iandike mwenyewe, na uache kiungo kwenye maoni.

Kilichoandikwa na mashine, kichukulie kama kilicholetwa na mwanafunzi wa mazoezi: ikiwa ni kirefu na kinafanana mno na kitu maarufu, kitafute kabla ya kukipokea.

Programu hii msimbo wake uko wazi GitHub, na ina leseni. Ni huria, au siyo?

Si lazima. Hifadhidata ya MongoDB ilihamia leseni ya SSPL Oktoba 2018, na Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni huria, hawaitambui SSPL kuwa leseni huria. Terraform, ya kusimamia seva, ilihamia BSL (Business Source License), ambayo nayo si huria, mwaka 2023. Hifadhidata ya Redis iliacha BSD Machi 2024, kisha mwaka uliofuata ikaongeza AGPL kama chaguo. Toleo la zamani linabaki na leseni yake ya zamani, kwa hivyo andika namba ya toleo pamoja na leseni kwenye orodha yako. Jina la mradi peke yake halikwambii kitu.

Zabuni inasema mteja atamiliki "msimbo wote na haki zote". Nitie saini?

Usitie kama ilivyo. Huwezi kuhamisha haki ya Laravel au React, si zako. Omba kifungu kigawanywe: ulichoandika kwa ajili ya kazi hii kitakuwa chake, vya watu wengine vitabaki chini ya leseni zao kwa mujibu wa kiambatanisho. Kiambatanisho ndiyo ile orodha ya `composer licenses`, iliyosafishwa. Maofisa manunuzi mara nyingi wanafurahi kuiona, kwa sababu wanajua walichonunua. Andika leseni kwa vifupisho vya SPDX, orodha sanifu ya majina ya leseni, kama MIT au GPL-2.0-only, ili pasiwe na mtu wa kuandika "GPL" tupu.

Hakuna atakayejua mambo yangu huku Zanzibar, kweli?

Pengine. Lakini isome kesi ya Ufaransa. Mwaka 2005 Orange walishinda zabuni ya tovuti ya huduma za serikali na wakatia ndani maktaba ya Lasso, ya GPL 2, mali ya kampuni ndogo inayoitwa Entr'ouvert. Kesi ilifunguliwa 2011. Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliamuru Orange walipe euro 500,000 kwa hasara na 150,000 kwa madhara ya heshima. Ilikuwa zabuni ya serikali na maktaba moja tu.

Marekani nayo, kesi ya Jacobsen na Katzer ya 2008 ilihusu programu ya bure ya wapenda treni za kuchezea, na mahakama ya rufaa ikasema masharti ya leseni huria yanalindwa kwa sheria ya hakimiliki. Mwandishi kutokulipwa hakukumpokonya haki yake.

Kwa hapa kwetu, anayekukamata kwa kawaida ni mwekezaji au mteja mkubwa wa nje anayetaka orodha ya vilivyomo kabla ya kulipa. Wao hawaendi mahakamani. Hawatii saini tu.

Nimekagua na nimekuta mgongano. Nianzie wapi?

Anza na swali la nani ana nakala. Mfumo ukiwa haujatoka kwenye seva yako, una muda, ila kama ni AGPL. Ukiwa uko kwa wateja, simamisha kufunga nakala mpya zenye tatizo kwanza.

Kisha tafuta mbadala. Mara nyingi upo, na kubadilisha maktaba ya PDF ni kazi ya siku chache. Usipopatikana, muandikie mwenye hakimiliki: wapo wanaotoa ruhusa ya ziada, na wapo wanaouza leseni ya pili. Mradi ukiwa na waandishi wengi na hakuna aliyekusanya haki zao, ruhusa ya mmoja haitoshi. Njia ya tatu ni kukubali leseni kali na kutoa programu nzima kwa GPL 3, ukauza ufungaji, mafunzo na matengenezo. Kwa mifumo ya skuli hilo linalipa, kwani hakuna skuli inayonunua msimbo, zinanunua mtu wa kuja mashine inapogoma.

Nakala zilizokwisha kutoka zisizotimiza masharti zinabaki na deni lake. Chini ya GPL 3, ukiacha kosa haki zako zinarudi kwa muda, na zinarudi moja kwa moja mwenye hakimiliki asipokuarifu ndani ya siku 60. Akikuarifu, na ikiwa ni mara yako ya kwanza kwake, ukirekebisha ndani ya siku 30 unasalimika. Toleo la 2 halina huruma hiyo: ukivunja, ruhusa inakatika hapo hapo. Kwa hivyo ukipokea barua, ijibu wiki ile ile, useme utarekebisha nini na lini, na uwaambie wateja wako wapokee toleo jipya.